Mtoto Akitoka Vipele Baada ya Dawa ya Kifafa

Mama zangu, baba zangu, na ninyi wahudumu wa afya wa vijiji hapa Nakivale, asanteni kwa kuja. Nianze na kosa langu.

Kituo nilichokuwa nikifanya kazi zamani, mama mmoja aliniletea binti wa miaka tisa. Alikuwa na wiki ya tatu tangu aanze kabamazepini. Homa, macho mekundu, vipele kifuani. Nikasema ni surua. Nikawarudisha nyumbani, na dawa ya kifafa nikawaambia waendelee nayo. Siku ya pili akarudi amebebwa mgongoni. Midomo imeganda damu, mate hayamezeki. Mama alipomvua gauni, ngozi ya bega ikatoka na kitambaa. Alipona, ila macho yake mpaka leo hayavumilii jua.

Ugonjwa huo unaitwa Stevens-Johnson, kwa majina ya madaktari wawili wa Marekani walioueleza mwaka 1922. Huwapata watu wachache sana, kwa hiyo msizikimbie dawa. Dawa za kifafa zinazoweza kuuleta ni kabamazepini, fenitoini, fenobabitali, na lamotrijini, hasa dozi yake ikipandishwa haraka. Wiki nane za kwanza ndizo za kukaa macho.

Sasa sikilizeni hapa. Tulifundishwa kutafuta wekundu. Kwenye ngozi nyeusi kama yetu wekundu hujificha. Utaona madoa meusi au ya zambarau, na mtoto hataki hata shuka limguse. Basi mfungue mdomo utazame ndani, kisha mtazame na macho yake. Ukikuta vidonda mdomoni, macho mekundu, au analia akikojoa, usingoje kesho. Kidonge kinachofuata usimpe. Usimwogeshe mitishamba, usimpake kitu. Mlete siku hiyohiyo na pakiti ya dawa mkononi. Wako wanaotupa dawa na kubaki nyumbani. Hapo degedege linaweza kurudi bila kukatika. Mkija, tutambadilishia.

Na hatutampa yoyote tu. Kabamazepini, fenitoini na fenobabitali ni kama ndugu wa tumbo moja: aliyeunguzwa na mmoja anaweza kuunguzwa na mwenzake. Daktari wa Mbarara au wa Kampala atajuaje? Lile daftari la shule mnalokuja nalo kliniki, chukueni kalamu, juu ya jalada, kwa herufi kubwa, mwandike jina la dawa iliyomdhuru. Daftari likijaa, mwandike tena kwenye jipya.