Tamasha la leso: tusherehekee nini hasa?

OMARI: Asalaam aleikum, wasikilizaji. Mimi ni Omari, na mwenzangu kama kawaida ni dada Zuhura. Kuna msikilizaji ametutumia ujumbe wa sauti, ataka Biashara Street, hapa kwetu Mombasa, ifungwe magari siku moja, tufanye tamasha la leso, yaani kanga. Dada, wasemaje?

ZUHURA: Mimi nitafika wa mwanzo! Ingawa mtaa ule, zikikaribia sikukuu, haungoji kufungwa na mtu. Hujifunga wenyewe.

OMARI: (anacheka) Sawa. Lakini nambia, tutasherehekea nini? Leso tele tunazouziwa zachapwa India. Tungekuwa Eldoret, kwenye kiwanda cha Rivatex, ningeelewa. Sisi hapa kazi yetu ni kufungua marobota.

ZUHURA: Wacha hayo, yakhe! Huyo mchapaji wa India, nani amwambiaye aandike nini? Si mwenye duka wa hapa? Wale wenye duka la leso za Mali ya Abdulla, yaani Kaderdina Hajee Essak, wapo Mombasa tangu 1887. Uamuzi wa pindo la pembeni likaeje, mji, pale katikati, uwe na maua au korosho, na chini pale kwenye kisanduku liingie jina gani, yaani yale maneno ya leso, huo watoka hapa. Maua yeyote ataweza kuyachora. Jina je?

OMARI: Jina ndilo liuzalo.

ZUHURA: Liuze hata leso ya rangi mbaya! Mtu akiona "Nilikudhani dhahabu kumbe adhabu", haulizi tena bei. Kuna leso ya kumtunza mama, na kuna ya kuanikwa kambani makusudi, jirani apite aisome. Sasa wewe mpelekee mama mkwe "Usisafirie nyota ya mwenzio" uone.

OMARI: Ndoa ishaingia doa.

ZUHURA: Ndipo ukaona akina mama dukani wanasoma kwanza, rangi baadaye.

OMARI: Haya, hapo umenipata nusu. Kumbuka pia ule mkasa wa kikoi, miaka ya 2000, kampuni moja ya Uingereza ikaomba kulisajili jina hilo kuwa alama yake ya biashara. Watu wakapinga, ombi likaanguka.

ZUHURA: Kikoi! Vazi la wazee wetu msikitini. Ah, tuendelee.

OMARI: Basi tuseme tamasha lipo. Jukwaani nani?

ZUHURA: Mafundi. Leso huuzwa doti, vipande viwili vimeshikana. Ukishanunua unatoka nje, pale barazani kuna fundi na cherehani yake, anakukatia na kukupindia papo hapo ukisubiri. Yule hatajwi popote. Mimi ningempa kiti cha mbele. Halafu watoto waonyeshwe vibao vya mbao, maana zamani leso zilichapwa kwa mkono, kibao kinachovywa rangi, kinagongwa kitambaani. Wachape zao waende nazo nyumbani, zikichujuka shauri yao.

OMARI: Na bi harusi je?

ZUHURA: Kisutu lazima. Nyekundu, nyeusi na nyeupe, bila hiyo harusi ya kwetu haijatimia. Ningeweka nyanya wafundishe kufunga, maana hawa wasichana wa leso ya pwani ya hoteli wanaifunga kama taulo.

OMARI: Wanasiasa?

ZUHURA: Waje, wanunue kama watu wengine. Ila leso zenye picha zao wabaki nazo. Hizo zaishia kuwa matambara ya jikoni.

OMARI: (anacheka) Mimi nishatunga jina la leso ya tamasha: "Ngoma bila leso ni mkutano wa hadhara."

ZUHURA: Hilo, kaka yangu, nani atalivaa?

OMARI: Mke wangu.

ZUHURA: Muulize kwanza. Wasikilizaji, leteni majina yenu, mafupi, yatoshe kwenye kisanduku. Ya matusi mtumieni Omari.