Mgongo wa Askari Mstaafu na Mikono ya Tabibu
Mhadhara uliotolewa Chake Chake, Pemba

Assalamu alaykum. Bwana Mwenyekiti, wazee wangu mliowahi kuvaa magwanda, mama zangu, na ndugu zangu wa kazi ya afya, nawaamkia nyote kwa heshima.

Nimeombwa nizungumze juu ya kairopraktiki, yaani tiba ya kusukuma na kunyoosha viungo vya uti wa mgongo kwa mikono, na nafasi yake kwa askari waliostaafu. Nitalisema mapema ninaloliamini, ili asiyekubaliana nami apate muda wa kutayarisha swali lake: tiba hii inasaidia, lakini haisaidii kwa sababu ile ambayo wengi wetu tunaidhania, na pale ilipowafaa wastaafu iliwafaa kwa kuwa iliwekwa ndani ya hospitali, si nje ya uzio wake.

Tuanze na mgongo wenyewe. Askari ni mchukuzi kabla ya kuwa mpiganaji. Shanta, silaha, risasi, maji na fulana ya kuzuia risasi huweza kupita kilo 40, na mzigo huo hubebwa na kijana ambaye pengine uzito wake mwenyewe haufiki kilo 70. Ongezeni mtikisiko wa malori, kuruka kutoka juu, na kulala chini penye unyevu. Wazee wetu wa Vita vya Kagera walikwenda sehemu kubwa ya safari ile kwa miguu, na aliyekuwa na miaka 20 Kampala ilipotekwa, Aprili 1979, leo amevuka 65. Maumivu yakidumu miaka mingi hivyo, hayabaki tena kuwa habari ya misuli na pingili peke yake, kwani mishipa ya fahamu nayo huzoea kupiga kelele hata palipo na jeraha dogo, na usingizi mbovu pamoja na kumbukumbu za vita huzidisha kelele hizo. Ndiyo maana mzee mmoja huambiwa picha yake ya eksirei haina kitu kikubwa, naye hawezi kuinama kufunga kamba za viatu. Hasemi uongo.

Kairopraktiki ilianza Marekani, katika mji wa Davenport, jimbo la Iowa, mwaka 1895, pale D. D. Palmer aliposukuma pingili ya mgongo wa mfanya usafi aliyeitwa Harvey Lillard na kudai kwamba uziwi wake umepungua. Palmer akajenga juu ya kisa hicho nadharia kwamba karibu maradhi yote hutokana na pingili zilizotoka mahali pake. Nadharia hiyo haikusimama mbele ya ushahidi, na nawaomba msimwamini mtu atakayewaambia kuwa kunyooshwa mgongo kunatibu kisukari au pumu. Hata ule mlio wa "ta!" tunaoupenda sana, wala msidhani ni mfupa unaorudi nyumbani kwake. Ni hewa inayojitenga ghafla ndani ya majimaji ya kiungo, sawa na mlio wa vidole, na nafuu ya mgonjwa haipimwi kwa ukubwa wake.

Kwa hiyo wastaafu wa Marekani walifikaje kwenye tiba hii? Kwa njia ya sheria. Sheria ya mwaka 1999 iliitaka idara ya wastaafu wa jeshi iwe na sera ya kairopraktiki, na nyingine iliyotiwa saini Januari 2002 ikaagiza huduma hiyo ipatikane angalau kituo kimoja katika kila kanda ya hospitali zao. Kazi ikaanza mwaka 2004. Baadaye msukumo ukaongezeka kwa sababu ya msiba mwingine: askari wengi walikuwa wakipewa dawa kali za jamii ya afyuni kwa maumivu ya kiuno, wengine wakazama katika uraibu, na hospitali zikalazimika kutafuta njia zisizokuwa vidonge.

Ushahidi ninaouthamini zaidi ulichapishwa mwaka 2018. Askari 750 wenye maumivu ya kiuno, katika hospitali tatu za kijeshi, waligawanywa kwa kura: nusu wakapata matibabu ya kawaida, nusu wakapata hayo hayo pamoja na kairopraktiki. Baada ya wiki sita maumivu ya kundi la pili yalikuwa yamepungua zaidi, nalo lilifanya shughuli zake kwa wepesi zaidi. Lakini hawa walikuwa bado kazini, wenye umri wa miaka 18 hadi 50, na kila mmoja alijua amepewa tiba gani. Tusiyabebe matokeo yao mazima mazima na kumtwisha mzee wa miaka 70. Tafiti nyingine, zilizotazama maumivu sugu, zimeona kwamba tiba ya mikono hukaribiana na mazoezi mema, wala haiyapiti kwa mbali.

Sasa turudi Pemba. Hapa mikono haijawahi kutukosa. Tuna wakandaji, tuna wapiga chuku wanaoumika kwa pembe, na mafuta ya makonyo, yaani vikonyo vya karafuu, yanachujwa papa hapa Wawi. Simdharau hata mmoja wao. Kinachonitia hofu ni mgongo uliosukumwa kabla ya kuulizwa. Mstaafu mwenye ganzi kwenye sehemu za siri na mapaja ya ndani, au aliyeanza kushindwa kuzuia mkojo, au ambaye miguu inalegea, ni mgonjwa wa kupelekwa hospitali siku hiyo hiyo, maana mishipa ya fahamu inabanwa. Mwenye homa za jioni na mwili unaokonda huenda ana kifua kikuu cha uti wa mgongo. Mwenye mifupa iliyodhoofika kwa uzee anaweza kuvunjwa na msukumo ambao kijana angeufurahia. Na shingo, wazee wangu, isizungushwe kwa ghafla na mtu yeyote, kwani mshipa wa damu unaopanda ubongoni ukichanika huleta kiharusi.

Ndiyo maana ninapendekeza jambo moja tu, ambalo halihitaji mashine wala mgeni kutoka ng'ambo: mstaafu apimwe kwanza na daktari au tabibu wa viungo, kisha kama hana dalili hizo, aende kwa mkandaji wake akiwa na karatasi inayosema wapi paguswe na wapi pasiguswe, na arudi baada ya wiki sita tupime tena, huku kila siku akitembea na kufanya mazoezi aliyofundishwa. Mfano wa karatasi hiyo nimeuleta, ukurasa mmoja, na utagawiwa sasa hivi. Wakati unapita mikononi mwenu, mzee wa safu ya mbele aliyeinua mkono tangu nilipotaja mlio wa mgongo na aulize swali lake.