Anapoulizwa Kuhusu Uchumi, Mpiga Kura Hujibu Nini?

Mwenyekiti, wageni waalikwa, mabibi na mabwana, asanteni kwa kunialika.

Nianze na tatizo la lugha, kwa sababu limewahi kuniponza. Siku moja nilialikwa kuzungumzia "kura za maoni". Nikafika na takwimu zangu za sampuli, nikakuta ukumbi umejaa watia nia waliotaka kujua mchujo wa chama chao utaendeshwaje. Neno lenyewe limebeba mizigo mingi: kura ya maoni ni mchujo wa wagombea, ni wananchi kupiga ndiyo au hapana juu ya katiba, na pia ni ile kazi ya kuwauliza watu elfu moja wangempigia nani kama uchaguzi ungefanyika kesho. Leo nazungumzia hiyo ya mwisho. Nitaiita utafiti wa maoni, ili asiwepo wa kuondoka hapa na hasira.

Mtu anapoulizwa kuhusu uchumi katika utafiti kama huo, huwa anajibu nini hasa? Wanasiasa hudhani anawapa maagizo: punguzeni kodi, rudisheni ruzuku, kopeni kidogo. Mimi naamini kwamba mara nyingi anatoa hukumu juu ya aliye madarakani. Swali ni la uchumi, jibu ni la siasa.

Tazameni kilichotokea Marekani baada ya uchaguzi wa Novemba 2016. Wafuasi wa Republican, waliokuwa wakisema uchumi unakwenda vibaya, ghafla wakaanza kusema unakwenda vizuri. Wale wa Democratic wakaanza kuteremka. Mshindi, Donald Trump wa Republican, alikuwa bado hajaapishwa. Hakuna kodi iliyokuwa imepunguzwa wala sheria iliyosainiwa. Baada ya uchaguzi wa 2020 pande hizo mbili zikabadilishana tena. Bei zilikuwa zilezile na mishahara ileile. Kilichobadilika ni nani anaingia ikulu.

Sisemi kwamba watu wanadanganya. Mtu akiulizwa "uchumi ukoje?", hana jedwali la pato la taifa mfukoni. Anachukua kilicho karibu: bei aliyolipa jana, habari aliyosikia asubuhi, na imani yake kwa wanaoongoza. Halafu anavichanganya.

Hapa kuna jambo ambalo huwashangaza wanafunzi wangu. Tarehe 28 Oktoba 1980, kwenye mdahalo, Ronald Reagan, aliyekuwa akimpinga rais aliyekuwa madarakani Marekani, aliwauliza watazamaji kama hali yao ilikuwa bora kuliko miaka minne iliyopita. Mfumuko wa bei mwaka huo ulizidi asilimia 12, na Reagan akashinda majimbo 44. Tangu hapo kila mgombea wa upinzani duniani hulikopa swali lile. Lakini wanasayansi wa siasa Donald Kinder na Roderick Kiewiet, waliochambua data za wapiga kura miaka hiyohiyo, walikuta kwamba mfuko wa mtu binafsi hauelezi kura yake vizuri kama unavyodhaniwa. Kinachoeleza zaidi ni anavyoiona hali ya nchi nzima. Aliyepoteza kazi anaweza kujilaumu mwenyewe au kumlaumu bosi wake. Akiona mtaa mzima umepoteza kazi, hapo ndipo anaitafuta serikali.

Ndiyo maana mfumuko wa bei ni sumu kwa walio madarakani kuliko ukosefu wa ajira. Ajira zikipungua, wanaoumia moja kwa moja ni sehemu ya watu. Bei zikipanda, kila mtu ana ushahidi wake. Juni 2022 mfumuko wa bei Marekani ulifika asilimia 9.1, huku ukosefu wa ajira ukiwa chini ya asilimia 4. Kufikia 2024 mfumuko ulikuwa umeshuka hadi karibu asilimia 3, na wachumi wakawa wanakuna vichwa: mbona watu bado wamenuna? Waliohojiwa wakitoka kupiga kura ya urais Novemba ile, takribani theluthi mbili walisema hali ya uchumi ni mbaya. Mimi sioni fumbo. Mfumuko ukishuka, bei haishuki. Inaendelea kupanda, ila polepole. Mchumi anasoma mwendo wa gari, mpiga kura anaangalia umbali aliopelekwa.

Mwaka huohuo wa 2024 walioadhibiwa hawakuwa wa mrengo mmoja. Uingereza, Conservative, chama cha mrengo wa kulia kilichotawala miaka 14, kilibakiwa na viti 121. Afrika Kusini, ANC, chama tawala cha mrengo wa kushoto, ilipoteza wingi wa viti kwa mara ya kwanza tangu 1994. Japani, chama tawala na mshirika wake walipoteza wingi wao katika baraza la chini. Kila nchi ilikuwa na dhambi zake, na sitaki kuzifunga zote kwa kamba moja. Lakini kama wapiga kura wangekuwa wanachagua sera, tungetegemea waelekee upande mmoja. Walielekea kokote kule, mradi ni mbali na aliyekuwepo.

Tuje kwenye dodoso lenyewe, maana hapo ndipo mchezo ulipo. Chukueni maswali mawili. La kwanza: "Je, unaunga mkono kuondolewa kwa ruzuku ya mafuta?" La pili: "Je, unaunga mkono fedha za ruzuku ya mafuta zielekezwe shuleni na hospitalini?" Sera ni ileile, ila swali moja linamwonyesha mtu anachopokonywa, na jingine anachopewa. Nipeni uhuru wa kuchagua swali, nami nitawapa matokeo mnayotaka. Na huu si utani: Marekani, utafiti mkubwa wa jamii umeonyesha kwa miongo kadhaa kwamba watu wengi husema serikali inatumia pesa kidogo mno kuwasaidia maskini. Ukitumia neno lao la kawaida kwa mipango hiyohiyo ya ustawi, yaani "welfare", neno lililochafuliwa na siasa, idadi hiyo inaporomoka.

Kuna kituko kingine. Miaka ya 1970, watafiti wa Cincinnati waliwauliza watu maoni yao juu ya sheria fulani ya 1975. Sheria hiyo haikuwahi kuwepo, waliitunga wenyewe. Kama theluthi ya wahojiwa walikuwa na maoni! Sasa fikirieni asilimia mnazosomewa kwenye taarifa ya habari kuhusu kodi ya ongezeko la thamani au deni la nje.

Kuhusu hesabu sitakawia. Sampuli ya watu 1,000, ikichaguliwa kwa nasibu, ina kiwango cha makosa cha takribani asilimia 3 kila upande. Mgombea mwenye 48 na mwenye 46 hawajaachana. Gazeti likisema "vijana wanapinga kodi mpya", ulizeni vijana wangapi. Wakiwa 200 ndani ya ile elfu, kosa linafika asilimia 7, na kichwa cha habari kimekufa.

Nimalizie na Uingereza ya 1992. Kwa miaka kadhaa wahojiwa wengi walikuwa wakiwaambia watafiti kwamba wako tayari kulipa kodi zaidi ili huduma za umma ziboreshwe. Labour, chama cha upinzani wakati huo, ikaingia kwenye kampeni na mpango ulioandikwa wazi wa kuwatoza zaidi wenye vipato vya juu. Conservative ikaushambulia usiku na mchana. Hadi mwisho tafiti zilionyesha vyama vinakimbizana bega kwa bega. Tarehe 9 Aprili Conservative ilishinda kwa zaidi ya asilimia 7 ya kura. Tafiti zilikosea kwa sababu nyingi, sampuli ikiwemo, lakini lile jibu la kodi ndilo linalonikaa kichwani. Mbele ya mtafiti mwenye kalamu, kodi ilikuwa swali la wewe ni mtu wa namna gani. Kwenye kibanda cha kura ikawa swali la nani nimwamini na pesa yangu.

Naona dada wa safu ya nyuma amenyoosha mkono tangu nilipotaja ruzuku. Karibu, dada, tuanze na wewe.