Mafuta Rahisi Yamekwisha Kuchotwa

(Mhadhara uliotolewa Tanga)

Wazee wangu, mabibi na mabwana, vijana, habari za jioni.

Nimeombwa nizungumzie kwisha kwa mafuta duniani. Kwanza niwatoe hofu: kesho hayaishi. Mwaka 1956 mtaalamu wa miamba wa Marekani, M. King Hubbert, aliwaambia wenzake mjini San Antonio kwamba uzalishaji wa nchi yao utafika kilele kati ya 1965 na 1970, kisha uanze kushuka. Wengi walimpuuza. Kilele kikaja 1970, na miaka zaidi ya thelathini iliyofuata ikawa ya kuteremka. Lakini Wamarekani hao hao wakaja kujua namna ya kupasua miamba migumu kwa maji, mchanga na kemikali, na leo wanatoa mafuta mengi kuliko zama zile. Basi mtu akiwatajia mwaka wa mwisho wa mafuta, msikilizeni kwa adabu, ila msimwamini.

Kilichokwisha ni mafuta rahisi. Mwaka 1901 pale Spindletop, Texas, walitoboa kisima na mafuta yakaruka yenyewe angani, siku tisa hakuna aliyeweza kuyazuia. Hayo hayapo tena. Kina mama mnaokuna nazi mnalijua jambo hili: tui la kwanza hutoka zito kwa mkamuo mmoja, lakini la pili na la tatu mpaka utie maji, na mkono ukuume. Hata Ghawar ya Saudia, eneo kubwa la mafuta kuliko yote, kwa miaka mingi limekuwa likisukumiwa maji chini ili mafuta yapande. Na vile visima vya kupasua miamba huchoka upesi. Mara nyingi mwaka haujaisha, kisima kimeshapoteza zaidi ya nusu ya nguvu yake, ikabidi kuchimba kingine.

Najua mnachosubiri. Bomba.

Bomba la kutoka Hoima, Uganda, mpaka hapa Chongoleani lina urefu wa kilomita 1,443. Mafuta ya kule Ziwa Albert yana nta nyingi, yakipoa yanaganda, kwa hiyo bomba lazima lipashwe joto njia nzima. Jiulizeni, mafuta yangekuwa bado yanaruka yenyewe kama ya Texas, nani angehangaika na gharama hiyo?

Na ni mengi kiasi gani? Yanayoweza kutolewa Uganda yanakadiriwa kuwa mapipa bilioni 1.4. Dunia inatumia kama mapipa milioni 100 kwa siku. Gawanyeni wenyewe. Siku kumi na nne! (Minong'ono ukumbini.) Sisemi bomba halina faida; kuna ada ya kupitisha mafuta, kuna ajira. Nasema lisitupe ndoto. Hayo ni mafuta ghafi, yatapakiwa melini yaende zake. Kiwanda cha Dar es Salaam kiliacha kusafisha mafuta zamani, cha Mombasa kikaacha mwaka 2013. Petroli yetu itaendelea kuja kwa meli, kwa bei ya dunia.

Bei hiyo ndiyo mlango uhaba unaopitia kutufikia. Wazee mnakumbuka: baada ya 1973 bei ya mafuta duniani ilipanda kama mara nne kwa miezi michache, na hapa nchini tukafika mahali gari binafsi halitembei Jumapili baada ya saa nane mchana. Mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipoanza, lita ya petroli ilivuka shilingi 3,000, serikali ikatoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi. Hakuna aliyekatazwa kutembea, lakini wengi walibaki nyumbani.

Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA, mamlaka ya kudhibiti nishati na maji, wakitangaza bei kikomo ya mafuta, mwenye gari hulalamika kwa sauti kubwa. Mimi namwangalia asiye na gari. Kabichi ya Lushoto hushuka mlimani kwa dizeli. Mvuvi akienda mbali zaidi kumfuata samaki aliyeadimika, mashine ya boti inakula petroli, na asiporudi na kitu mafuta hayarudishwi dukani. Kijijini mashine ya kusaga ya dizeli ikipandisha bei ya debe, mama atapunguza kitu kingine, na mara nyingi ni mboga. Nauli, nayo, hupanda upesi na kushuka kwa manung'uniko.

Tufanyeje? Mwaka 2024 Ethiopia ilipiga marufuku kuingiza magari binafsi ya petroli na dizeli. Uamuzi wa kishujaa, labda wa haraka mno, lakini wana sababu: umeme wa maji wanao, fedha za kigeni za kununulia mafuta hawana. Nasi tuna bwawa la Julius Nyerere, megawati 2,115, na gesi ya Songo Songo. Ningekuwa mimi, nisingeanza na magari ya watu binafsi. Ningeanza na mashine za kusaga katika vijiji vilivyokwisha fikiwa na umeme, maana mota inapatikana, fundi yupo, na mwenye mashine akikopeshwa atalipa kwa akiba ya dizeli. Baada ya hapo daladala za gesi, na bodaboda za umeme. Boti zitasubiri, betri zake bado ghali.

Sasa niulizeni.