Glisini: Udogo Unaoushika Mwili

Walimu wenzangu, wanafunzi, na ndugu zangu wa Mombasa mliofika jioni hii, nawashukuru. Nimeombwa nizungumzie glisini, iliyo sahili kuliko asidi amino zote, yaani molekuli ndogo zinazojenga protini za mwili, na dai langu ni moja: kazi zake kubwa mwilini zinatokana na udogo wake.

Kila asidi amino hubeba tawi la pembeni linaloitofautisha na wenzake. Tawi la glisini ni atomu moja tu ya haidrojeni. Mfaransa Henri Braconnot aliigundua mwaka 1820 alipochemsha jelatini katika asidi ya salfuriki, akapata fuwele tamu alizoziita sukari ya jelatini.

Jelatini hiyo mnaijua. Anayepika supu ya makongoro usiku akaiacha ipoe, asubuhi huikuta imeganda sufuriani, kwa kuwa moto umezifumua nyuzi za kolajeni zilizokuwa katika kano, ngozi na gegedu. Kolajeni ni nyuzi tatu zilizosokotwa pamoja kama kamba ya kumbi, na katika kila uzi, kila nafasi ya tatu hukaliwa na glisini, kwa sababu nafasi hiyo huelekea ndani, mahali penye msongamano ambapo hapaenei kitu kikubwa kuliko haidrojeni. Kasoro ya jeni ikiweka asidi amino nyingine mahali pake, msokoto huharibika, na mtoto huweza kuzaliwa na mifupa inayovunjika kwa kubebwa tu. Nasisitiza hili kwa uchungu: ni dhuluma kumtuhumu mzazi wa mtoto kama huyo kwamba humpiga, kabla mtoto hajapimwa.

Katika uti wa mgongo, glisini ni ujumbe wa kutuliza neva. Sumu ya striknini huziba vipokezi vya glisini, yaani sehemu za neva zinazoupokea ujumbe huo, na misuli, ikikosa wa kuizuia, hukakamaa yote kwa pamoja. Katika damu, kila himu, ile sehemu inayoshika chuma katika hemoglobini, protini nyekundu ya damu inayobeba oksijeni, hutengenezwa kwa molekuli 8 za glisini.

Mwili hujitengenezea glisini, hasa kutokana na asidi amino nyingine iitwayo serini. Lakini kwa usahili wake, huweza kuundika hata pasipo uhai: mwaka 2009 wanasayansi wa Marekani walitangaza kuiona katika sampuli za nyotamkia Wild 2, zilizoletwa duniani na chombo cha angani Stardust mwaka 2006.