Kulipamba Tangi la Pikipiki ya Kale: Mhadhara kwa Mafundi Rangi wa Malindi

Mabibi na mabwana, mafundi wenzangu, nanyi vijana mlioacha abiria stendi ili mje kusikiliza, assalaam alaykum.

Tangi hili lililo mezani ni la BSA Bantam, pikipiki ya Uingereza iliyoanza kuuzwa mwaka 1948 ikiwa na injini ya sentimita za ujazo 123. Mwenyewe ameniomba nilipake upya, lakini kabla ya kulikwangua nimesugua sehemu moja tu, upana wa shilingi, kwa msasa wa maji namba 1000. Tazameni duara hilo: juu ni nyeusi iliyopakwa kwa brashi, chini yake nyekundu, na chini kabisa, karibu na chuma, kuna kijani hafifu kama cha ukungu. Hicho ndicho kijani cha Bantam za mwanzo, ambazo ubavuni mwa tangi zilikuwa na paneli ya rangi ya maziwa. Fundi anayekimbilia kemikali ya kubandua rangi huifuta historia hiyo kwa dakika 10, kisha akakaa kubahatisha. Kwa hiyo piga picha, pima umbali wa kila mstari kutoka kwenye mshono wa tangi, nakili nembo kwenye karatasi nyepesi, ndipo uguse msasa.

La usalama nitalisema kwa ufupi, ila mlishike. Tangi tupu ni hatari kuliko lililojaa, kwa kuwa mvuke wa petroli uliobaki ndani hulipuka kwa cheche ndogo. Lioshwe kwa maji na sabuni, likauke, na kazi ya moto isisogezwe karibu nalo kamwe.

Hapa pwani adui wetu mkubwa ni chumvi. Mkishaondoa kutu ya ndani kwa siki iliyolala siku nzima, mkasuuza kwa maji yenye magadi kidogo ili kuua asidi, chuma kilichobaki uchi hurudisha wekundu upesi mno upepo wa kusi unapovuma. Kausheni papo hapo, na upande wa nje praima ya epoksi, yaani rangi ya kwanza inayoshika chuma, ipulizwe siku hiyo hiyo, wala chuma kisishikwe kwa mikono mitupu, maana jasho nalo ni chumvi. (Wanaotia nati ndani na kulitikisa tangi ili kung'oa kutu, wazihesabu zinapoingia na zinapotoka.)

Miaka kadhaa iliyopita nilimpakia mzee mmoja wa mtaani kwetu tangi lenye mistari ya dhahabu, nikalifunika kwa vanishi ya kawaida ya kopo. Lilipendeza mno. Baada ya wiki chache alilirudisha bila kusema neno, akanionyesha kwa kidole: chini ya mfuniko, pale petroli inapotiririka wakati wa kujaza, vanishi ilikuwa imelainika na kujikunja kama ngozi ya maziwa yaliyochemka, na dhahabu yangu imeondoka nayo. Niliirudia kazi bila malipo. Tangu siku hiyo sitii juu ya tangi ila kliya, ile rangi angavu ya juu kabisa, inayochanganywa na hadina, yaani kikazishio, kwa sababu hiyo hukazana kwa mmenyuko wa kikemia na huistahimili petroli. Lakini mvuke wake una kemikali iitwayo isosayaneti, ambayo huweza kumwachia fundi pumu ya kudumu, na barakoa ya kitambaa haiizuii hata kidogo. Asiye na kifaa cha kuvutia hewa safi kutoka nje ampe kazi hiyo aliye nacho.

Sasa mistari, ambayo ndiyo iliyonifanya niipende kazi hii. Pande mbili za tangi lazima zifanane, na jicho peke yake hudanganya. Chora upande mmoja kwenye karatasi, toboa tundu ndogo kwa sindano kufuata mchoro, geuza karatasi uiweke upande wa pili, kisha gongagonga kwa kifuko cha kitambaa chenye unga wa makaa: nukta zitabaki juu ya rangi. Washonaji wa kofia za viua wanaujua uvumilivu wa tundu moja moja. Brashi iwe ya manyoya marefu ya kindi, iliyokatwa kama upanga. Urefu huo hubeba rangi ya kutosha mstari mzima na huituliza mitetemo ya mkono. Kidole cha mwisho kiegemee chuma, kifundo kisipinde, mwili wote ndio usogee. Waliopaka macho kwenye omo, yaani sehemu za mbele, za majahazi ya Lamu walisimama vivyo hivyo, miguu imetanuka. Mistari ikauke kabisa kabla ya kliya, na mkono wa kwanza wa kliya uwe mwepesi, la sivyo itakunjamana.

Tangi hili la pili nimelipuliza kijani na paneli tangu juzi, nalo limekwisha kukauka. Sogeeni karibu, mlioko nyuma simameni upande wa dirisha msinizibie mwanga, niuvute mstari wa kwanza.