Majani Manne katika Bori Moja

Shikamooni wazee wangu. Ndugu zangu, na ninyi wanafunzi mlioacha mpira mkaja kunisikiliza, asanteni.

Hapa mezani pana sahani tano na kopo moja. Sahani zitawafikia baadaye. Kopo nalifungua sasa hivi mbele yenu, maana harufu yake ya kwanza ikishatoka hairudi. Haya. Mlioketi mbele, mnasikia harufu ya nini?

Mama anasema samaki wa kubanika. Mzee kule anasema bani, nyumba ya kukaushia tumbaku. Mmepata wote wawili. Ila humu hamna samaki, na bani lenyewe halikujengwa Namtumbo wala hapa Songea. Hii ni tumbaku ya kiko iliyochanganywa kwa desturi ya zamani ya Waingereza, na jani jeusi lililowafikia puani linaitwa Latakia. Limetoka pwani ya mashariki ya Bahari ya Mediterania. Nataka tulifuate mpaka kwao, na wenzake watatu waliomo humu tuwafuate vilevile.

Niwaambie kilichonileta. Nilipokuwa kijana katika kazi ya uteuzi, nikishika majani na kuyapa madaraja, mnunuzi mmoja aliniambia kwamba jani la mkulima ni nguvu tu, ladha hutiwa kiwandani. Nilinyamaza, kwa sababu sikuwa na maneno ya kumjibu. Miaka imepita na maneno nimeyapata. Ladha ya mchanganyiko kama huu haikutiwa na mtu mwenye chupa ya manukato. Wameitengeneza wakulima, kwa joto, kwa jua, kwa moshi na kwa kushindilia. Mchanganyaji wa mjini kazi yake ni kuwapatanisha.

Na jambo jingine nalisema mapema lisije likapotea: sikuja kumshawishi mtu avute. Tumbaku inaleta saratani ya mdomo, ya koo na ya mapafu, na kiko hakimwepushi mvutaji. Hata asiyevuta inamdhuru: mnaojua kuvuna asubuhi jani likiwa na umande, nguo ikalowa, mnajua kile kichefuchefu na kizunguzungu kinachofuata. Ni nikotini imepita kwenye ngozi. Watoto msiwapeleke shambani saa hizo.

Sasa chombo. Leo tukisema kiko, kila mtu anaona kile cha Mzungu, cha mti, kilichopinda. Lakini jina hilo lilikuwa na mwenyewe. Kwa wazee wa pwani, kiko chenyewe kilikuwa chombo cha maji, mara nyingi kifuu cha nazi. Juu yake kulikaa bori, la udongo wa kuchoma, ndilo lenye tumbaku na kaa la moto. Bori lilishikwa na digali, mrija unaoshuka mpaka majini. Mrija wa kutia kinywani ukaitwa shilamu. Na sauti ya maji yakibubujika mtu anapovuta ilikuwa na jina lake pia: malio ya kiko. Naipenda sana hiyo. Kuna watu walikaa barazani wakaisikiliza ile sauti mpaka wakaona inastahili jina.

Kiko cha Mzungu hakina maji. Kizuri chake huchongwa kwenye kifundo cha mzizi wa kichaka cha nchi za Mediterania, mti mgumu usioshika moto kwa urahisi, na mafundi wa Saint-Claude kule Ufaransa wamekuwa wakiuchonga tangu katikati ya karne ya 19. Moshi wake haupozwi na kitu. Unakuja ulimini na moto wake wote, kwa hiyo upole lazima utafutwe ndani ya jani lenyewe. Ndiyo sababu ya kuchanganya.

Sahani ya kwanza, ya njano. Hili mnalijua: ni Virginia, tumbaku ya mvuke, ile ya Tabora, Urambo, Kaliua na Chunya. Bani lake lina mabomba yanayopitisha joto, na moshi unatokea nje bila kugusa jani. Siku za mwanzo moto ni mdogo na unyevu umebaki. Jani limechumwa lakini bado ni hai, na wanga wake unageuka sukari. Mkulima anasubiri rangi. Likishaiva njano anapandisha moto, jani linakauka kabla halijaila sukari yake lenyewe, na mwishoni joto linafika kama nyuzi 70 mpaka kikonyo kinavunjika kwa mlio. Ni kazi ya wiki moja hivi, na mtu wa moto halali. Ukichelewa kidogo, sukari imekwenda. Ukiwahi, jani limebaki kijani na limekufa hivyohivyo. Linusheni vizuri: nyasi kavu, mkate uliotoka tanuri sasa hivi, kwa mbali ganda la chungwa.

Rangi hii ya njano ina mtu wake. Mwaka 1839, katika wilaya ya Caswell, jimbo la North Carolina, Marekani, Mwafrika mmoja aliyeitwa Stephen alikuwa mtumwa kwenye shamba la Abisha Slade. Alikuwa fundi chuma, na usiku ule alikuwa akilinda moto wa bani. Usingizi ukamchukua. Alipozinduka moto ulikuwa karibu kuzimika, akakimbilia mkaa wa kiwanda chake cha uhunzi akautupia. Joto likapanda ghafla, kavu, halina moshi. Majani yakatoka njano kama dhahabu, na sokoni yakauzwa kwa bei isiyozoeleka. Sifa na fedha zilikwenda kwa bwana wake. Njia ya mabomba ilikamilishwa baadaye na wengine, lakini kila ninapoingia bani la mvuke Urambo nikaona mtu amekaa macho saa nane za usiku akilisha moto, namkumbuka Stephen. Nawaomba walimu mliopo mlifundishe jina hilo.

Upungufu wa jani hili ni haraka. Ukilivuta kwa pupa, sukari inawaka na ulimi unaungua kama umeugusa kwenye chai ya moto. Ni tamu, ila peke yake lina sauti moja.

Sahani ya pili nitapita upesi. Majani madogo haya, mengine hayazidi kiganja cha mtoto, yanatoka Uturuki, Ugiriki na nchi za jirani. Hupandwa kwa kubanana kwenye udongo maskini, hukaushwa juani, na ule umaskini wa udongo unayafanya yatoe mafuta yenye harufu. Yana uchachu kidogo na unukato wa majani ya porini. Katika mchanganyiko hufanya kazi ya kitunguu katika mchuzi: hakuna anayekitaja, lakini kikikosekana kila mtu anajua.

Ya tatu ndiyo Latakia, na hapa naomba muda.

Latakia ni mji wa bandari huko Syria, nchi ambayo wazee wetu waliiita Shamu. Jani lilichukua jina la bandari liliposafirishwa. Nalo lilianza kama hilo la sahani ya pili: dogo, la kukaushwa juani. Kisha likaingizwa katika nyumba iliyofungwa, likatundikwa darini, chini pakawashwa moto wa kufuka, usio na ndimi, wa misonobari na vichaka vyenye utomvu wa kunukia. Likaachwa moshini wiki kwa wiki mpaka likawa jeusi. Husimuliwa kwamba ilikuwa bahati tu: mavuno yalizidi, wanavijiji wakayaning'iniza darini majira ya baridi, na moshi wa jikoni ukafanya uliyoyafanya. Mtu aliyekulia kwenye nyumba ya nyasi yenye figa katikati hawezi kuishangaa hadithi hiyo.

Watu wengi hukosea hapa, na hata mimi nilikosea. Nilipolinusa mara ya kwanza nilijiambia hili litaniangusha. Harufu yake ni ya ngozi mpya, ubani, lami, mbasa wa Ziwa Nyasa aliyebanikwa akakaa siku mbili. Lakini harufu si nguvu. Nikotini yake si nyingi, na moshi wake ni baridi kinywani, laini, karibu kama krimu. Ukali wote uko puani. Ndiyo maana mchanganyaji anaweza kulitia kwa wingi, hata likakaribia nusu ya bori, bila kumwangusha mvutaji. Linakuja na ubaridi ambao Virginia hana, na Virginia analipa utamu ambao moshi umelinyang'anya.

Jani hili limekula misitu. Syria miti ilipungua, ule utengenezaji ukabanwa, na leo Latakia nyingi hutoka Saiprasi, kisiwa kilicho ng'ambo tu ya bandari ileile. Wazee wa huko Saiprasi hutumia miti yao wenyewe, na wanaojua husema ladha si ileile: ya Syria ilikuwa na uchachu wa divai, ya Saiprasi ni nzito na tamu zaidi. Mti tofauti, jani tofauti. Wenzetu wa Tabora wanaohesabu miombo iliyobaki wanajua ninasema nini.

Sahani ya nne ina kidogo sana, na ndivyo inavyotakiwa. Perique hulimwa St. James Parish, kando ya mto Mississippi, jimbo la Louisiana, kati ya New Orleans na Baton Rouge, katika eneo dogo mno. Wachoctaw, wenyeji wa asili wa huko, ndio waliokuwa na ujuzi wa kulishindilia jani, na mkulima Pierre Chenet anatajwa kuanza kulitengeneza kwa biashara mwaka 1824. Jani likishakauka kwa hewa hulainishwa kwa maji, huondolewa mshipa, husokotwa mafungu, kisha hutiwa katika mapipa ya mwaloni yaliyowahi kukaa wiski na kubanwa kwa jeki mpaka maji yake yenyewe yanapanda juu na kuzuia hewa. Hukaa humo kama mwaka mzima. Mara chache hufunguliwa, mafungu yakageuzwa, yakabanwa tena. Ni kuvundika, ndugu zangu, jambo ambalo kila mtu hapa mwenye shimo la ndizi analielewa. Linatoka jeusi, lina harufu ya zabibu zilizooza vizuri, siki, ukwaju wa zamani. Na likipita puani linawasha kama pilipili manga. Ukizidisha, limeharibu kila kitu.

Mwaka 1907 Alfred Dunhill alifungua duka lake la tumbaku Duke Street, London, akawa anamchanganyia kila mteja kadiri ya kinywa chake na kuandika vipimo daftarini ili akirudi apate kilekile. Namheshimu kwa hilo. Alijua kwamba ladha ni uwiano, na kwamba mtu ana haki ya uwiano wake. Zipo tumbaku nyingine zinazotiwa vanila na cheri, hasa juu ya jani la hewa, lile lililokaushwa kwa upepo tu bila moto, kwa kuwa jani hilo limekwisha sukari na hunywa chochote unachomwagia. Zina wapenzi wake. Kwangu mimi, hapo nasikia chupa, sisikii shamba.

Nini hutokea borini? Mvutaji hujaza bila kukandamiza chini, juu akabana kidogo. Moto wa kwanza hufanya nyuzi zinyanyuke na kujikunja. Anazisawazisha taratibu, anawasha tena. Mwanzo ni Latakia tupu, kuni na ubani, na aliye pembeni husikia hilo tu hadi mwisho, kwa hiyo yeye na mvutaji hawasikii kitu kimoja. Bori likifika katikati, Virginia inapata joto, utamu unapanda kama harufu ya maandazi kutoka nyumba ya pili. Yale madogo ya juani yanapita na uchachu wao, yanaondoka, yanarudi. Karibu na chini unyevu umekusanyika, majani yamekuwa kitu kimoja, na hapo ndipo Perique inasema, pilipili moja nyuma ya koo. Anayevuta polepole hupata hayo yote kwa saa nzima. Mwenye haraka hupata ulimi uliobabuka.

Nimebakiza sahani ya tano. Hamhitaji niwaambie. Ni tumbaku ya moshi, ya kwetu, jani refu kama mkono, zito, lenye gundi. Ushirika wa Ngoni-Matengo wa miaka ya 1930 jani hili lilikuwa nguzo yake. Mama yangu alikuwa na kanga mbili, na zote zilinuka bani. Shuleni walitutambua kwa shati. Usiku nilitumwa kuangalia moto, nao ulitakiwa ufuke tu. Ndimi zikipanda unazifunika na magogo mabichi, macho yanalia, unatoka nje kuvuta hewa, unarudi. Jani hili ni kali, hapo lile la Shamu haliligusi. Lakini kazi ni ileile: kuni, subira, na mtu mmoja anayejua moto ufuke kiasi gani. Wachanganyaji wa Ulaya na Marekani hulitumia jani la aina hii wakitaka mchanganyiko uwe na mgongo.

Sasa sahani zianzie kwa mama aliyesema samaki. Shikeni jani kwa kikonyo, lisivunjike. Nuseni la tatu, kisha mlipitishe, kisha la tano, na naomba msisemezane mpaka zote mbili zimefika kwa mzee kule nyuma. Nataka yeye ndiye atuambie kuni za bani lipi ni zipi.